Jicho Limeona, au Pua Imenusa?

Haya ni mazungumzo yangu na wafuga mbwa wa Kinyerezi, Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, kabla foleni ya chanjo haijaanza. Waliokosa kufika waliomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, ila nimeruka pale mbwa wawili walipogombana tukasimama kama dakika kumi.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mlioshika kamba: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamjaitikia popote, habari za asubuhi.

Wenye mbwa wakubwa naomba mkae upande ule wa ukuta. Wenye watoto wa mbwa sogeeni huku mwembeni, leo mazungumzo ni yenu.

Nina swali. Wangapi hapa wamenunua au wamepewa mtoto wa mbwa mwaka huu? Nyosheni mikono juu. Wengi. Wangapi mlimwangalia meno? Wangapi mliuliza kama mama yake ni mkali? Naam, hilo wote. Sasa, wangapi mlimpima macho?

Naona mkono mmoja, na huyo ni binti yangu. Hahesabiwi.

Ndugu zangu, mbuzi wa sikukuu tunampapasa mpaka mbavu. Kuku tunampulizia manyoya tuone ngozi. Lakini mlinzi wa nyumba, mnyama atakayekaa nasi miaka kumi na zaidi, tunamchukua bila kujua kama anaona. Nasema "tunamchukua", maana na mimi nimo. Nitawaeleza kosa langu mwenyewe, tena nililifanya nikiwa kazini, nimevaa koti jeupe.

Mama mmoja wa Goba aliniletea mtoto wa mbwa wa wiki 9, mchanganyiko wa mbwa wa Kijerumani, masikio bado yamelala. Akaniuliza, "Daktari, huyu mzima?" Nikamfungua mdomo, nikampapasa tumbo, nikampungia mkono usoni hivi, fyuu. Akapepesa macho. Nikamwambia mzima huyo mama, nenda kamlee. Jicho lenyewe halikupata hata nusu dakika yangu.

Akamlea wiki tatu. Mtoto anakimbia uani, anapanda ngazi mbili za barazani, sahani ikiwekwa pale karibu na bomba anafika wa kwanza, usiku anabweka. Nani angemshuku? Halafu jioni moja likaja lori la kokoto, likamwaga katikati ya uwanja, mtoto akiwa amefungiwa bandani. Asubuhi banda likafunguliwa. Akatoka mbio kama kila siku, akajibamiza kwenye lile rundo, kifua na mdomo. Yule mama akacheka, akidhani ni utoto. Mtoto akarudi nyuma, akajitikisa, akaja tena mbio, akajibamiza palepale.

Kicheko kikaishia hapo.

Aliponirudishia, nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Nikachukua kipande cha kioo, nikakiweka kati ya mkono wangu na uso wake, nikapunga. Hakupepesa. Nikapunga tena. Wapi. Nikaondoa kioo, nikapunga vilevile. Akapepesa! Mnanielewa? Ule mkono wangu hakuuona wakati ule, wala hakuuona sasa. Alichohisi ni upepo wake.

Mtoto yule alizaliwa haoni. Uwanja aliukariri kwa hatua. Sahani aliinusa. Mgeni alimsikia. Ukuta aliugusa kwa sharubu kabla pua haijafika. Wala asingeweza kumwambia mtu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kwamba wenzake wanaona.

Kwa hiyo leo nawaomba mbebe swali moja tu, na kila kipimo nitakachotaja mjiulize hilohilo: jicho limeona, au kingine kimemsaidia? Amegeuka ulipomwita? Hilo ni sikio. Amekuja ulipoweka dagaa? Hiyo ni pua. Amekwepa meza ya sebuleni? Hayo ni mazoea, meza ipo hapo tangu alipofika. Ukitaka kulijua jicho, mnyime pua, mnyime sikio, mnyime mazoea. Hapo jicho libaki peke yake.

Kabla ya vipimo, niseme habari ya umri, maana kuna wanaohangaika bure. Kijana mmoja wa Tabata alinipigia simu saa 11 alfajiri. "Mzee, watoto wote sita ni vipofu!" Nikamuuliza wana siku ngapi. Siku nane. Nikamwambia lala.

Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba. Huanza kufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, wengine jicho moja hutangulia jingine. Yakifumbuka huwa na ukungu wa rangi ya bluu, na anaona kwa shida, vivulivuli tu. Inamchukua mpaka wiki ya 6 hadi ya 8 ndipo aone vizuri. Na kule kupepesa mkono unapomjia usoni ni jambo la kujifunza, hazaliwi nalo. Wengi hawana mpaka wiki ya 10 au ya 12. Kwa hiyo mtoto wa wiki 6 asipopepesa, usitangaze msiba.

Na tafadhali, tafadhali sana, msiwafumbue kwa vidole. Nimeona mtu anabandua kope za mtoto wa siku saba kama anamenya chungwa. Yaacheni yafumbuke yenyewe. Isipokuwa ukiona kope bado zimefumba lakini jicho limevimba kama kuna kitu ndani, au usaha unachungulia kwenye kona. Huo ni usaha umefungiwa ndani, na unaweza kuliharibu jicho kabla halijaona siku yake ya kwanza. Mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo.

Haya, vipimo. Vifaa vyenyewe mnavyo nyumbani: pamba, tochi ya simu, ndoo, na uvumilivu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha pamba. Kwa nini pamba? Kwa sababu haina sauti inapoanguka, haina harufu ya chakula, na haisukumi upepo. Mkae wawili. Mmoja amshike mtoto mapajani, taratibu, bila kumbana. Mwingine asimame nyuma au pembeni asionekane, achukue kipande cha pamba ukubwa wa limau, akiachie kutoka juu ya kichwa, kipite mbele ya uso kidogo kwa upande. Msiseme neno. Zimeni redio. Usiangalie pamba, angalia kichwa cha mtoto. Anayeona atainamisha kichwa kuifuata, au angalau macho yatashuka nayo. Wengine wanaruka kuidaka kabisa.

Fanya mara tatu, halafu pumzika. Ya nne ataipuuza hata kama anaona, kwa sababu ni mtoto, ameshachoka na mchezo wako. Na usimpime ametoka kula. Aliyeshiba uji wa dagaa hata tembo apite mbele yake hana habari. Akishindwa leo, rudia kesho asubuhi akiwa amechangamka. Kushindwa mara moja hakusemi kitu. Akishindwa siku tatu mfululizo, hapo sasa tuzungumze.

Kuna wanaotumia mpira badala ya pamba. Mpira unadunda, sikio linausikia, umeshakosea. Na wengine wanautupa mpira mwekundu kwenye majani, mtoto akipita pembeni yake wanasema kipofu. Jamani, mbwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Anaona vizuri bluu na njano. Ukitaka kucheza naye mtafutie mpira wa bluu. Tunawanunulia vyekundu kwa sababu vinatupendeza sisi.

Kipimo cha pili ni cha vikwazo. Mpeleke mahali asipopajua. Nimesema asipopajua! Uwanja wa jirani, korido ya kanisa, popote ambapo pua yake haijapachora ramani. Panga ndoo, dumu la lita 20, kiti cha plastiki kilicholazwa, na uache nafasi za kupita. Mweke upande huu, wewe simama upande ule. Usimwite, usipige vidole, usishike chakula. Subiri aamue mwenyewe kutembea. Anayeona anapindapinda katikati. Asiyeona ananyanyua miguu juu kama anavuka maji, au anatembea amebandika pua chini, au anafuata ukuta.

Mkimaliza mchana, badilisheni mpango wa vitu mrudie saa 12 na nusu jioni, giza linapoingia. Hii ya jioni watu wanaiona kama mzaha, lakini yapo maradhi ya kurithi ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ambayo huanza kwa kunyang'anya uwezo wa kuona kwenye mwanga hafifu. Mchana mbwa ni mzima kabisa, jua likizama anasita mlangoni. Mbwa kwa kawaida anatuzidi sana kuona gizani. Akianza kusita jioni kuliko wewe mwenyewe, ujue kuna jambo.

Cha meza ni chepesi: mbebe umemshika kifuani, miguu ya mbele ikining'inia, mpeleke taratibu kwenye ukingo wa meza. Anayeona ataunyosha mguu kuiwahi meza kabla haijamgusa.

Tochi je? Mmoja wenu ameshaitoa simu, namwona. Ingia chumba chenye kiza kidogo, mpe dakika moja, kisha mulika jicho kwa pembeni. Mboni inasinyaa, na ya jicho la pili nayo inasinyaa kidogo. Vizuri. Lakini sikilizeni: mboni kusinyaa si ushahidi kwamba anaona. Hiyo ni kazi inayofanyika sehemu ya chini ya ubongo, na picha hutengenezwa kwingine kabisa. Mbwa anaweza kuwa na mboni inayocheza vizuri na bado haoni. Tochi inakwambia kama nyaya za mwanzo zipo, basi. Na mtoto aliyeogopa mboni zake hubaki zimetanuka, kwa hiyo usimmulike huku analia. Vile vimulimuli vyekundu vya leza, weka mbali na jicho la mnyama na la mtoto wako pia.

Ukimmulika usiku macho yakawaka kijani, hakuna jini hapo. Ni utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama kioo. Kwa watoto huwaka bluu au zambarau kwanza. Mzee wangu pale anatikisa kichwa, tutaongea baadaye.

Sasa jambo linalosahaulika kuliko yote. Macho ni mawili, na mbwa mwenye jicho moja anafaulu karibu kila kipimo nilichotaja. Ndiyo maana pima moja moja. Funika moja kwa kiganja, bila kulikandamiza, dondosha pamba upande wa pili. Kisha badilisha.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Nilimwona hapa hapa Dar mbwa anaitwa Watasema. Familia inampenda ajabu. Kila ukimwita anageuza kichwa upande na kukutazama kwa jicho la kulia, na wao wakasema ana maringo, anapozi kwa picha. Mwaka mzima anapozi. Siku mtoto wa jirani alipomjia kwa kushoto na kumshika shingo, Watasema alishtuka akamrarua mkono. Hakuwa mkali, alishtuka tu. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, weupe ndani ya mboni, ambao kila aliyepita pale aliuona na hakuna aliyeuliza. Bahati mbwa alikuwa na chanjo ya kichaa. Hata hivyo mtoto alioshwa jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, akapelekwa hospitali. Ndivyo inavyotakiwa, chanjo au bila chanjo.

Nije kwenye lile linaloniudhi. Wapo waliozaliwa hawaoni, hao ni kazi ya Mungu. Lakini wapo tunaowapofusha sisi kwa mikono yetu.

Kijana wa Kigamboni alikuwa na mtoto wa mbwa wa kilo 4, ngozi imejaa upele na kupe. Akaenda duka la dawa za mifugo, akanunua ivamektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, akavuta mililita 1 akachoma. Tufanye hesabu pamoja. Ile dawa ya kawaida ya asilimia 1, mililita 1 ni ya mnyama wa kilo 50. Huyu ana kilo 4. Amepewa mara 12 na zaidi! Kesho yake akanipigia: mtoto anayumba kama mlevi, udenda unamtoka, anagonga kuta. Nikaenda. Mboni zilikuwa zimetanuka mpaka rangi ya jicho haionekani, duara jeusi tu, kama kitufe cha shati. Nikadondosha pamba. Ikapita mbele ya pua yake, ikatua kwenye mguu wake, hakuwa na habari.

Alitundikiwa maji, akalishwa kwa mkono, akageuzwa geuzwa asipate vidonda. Siku ya sita akaigeukia pamba. Yule alibahatika. Na kuna mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchungia kondoo, pamoja na machotara wake, ambao wengi wao kwa maumbile ubongo hauna kizuizi cha kutosha dhidi ya dawa hii. Kwao hata kipimo kidogo zaidi ni hatari. Kwa kumtazama tu huwezi kujua chotara wako ana damu gani. Kwa hiyo sindano ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe. Kupe wenyewe lakini msiwaache, maana homa ya kupe nayo inaweza kuvujisha damu ndani ya jicho. Ombeni dawa ya mbwa, kwa uzito wa mbwa.

La pili ni matone ya macho ya binadamu. Babu aliandikiwa, chupa imebaki nusu, mbwa ana jicho jekundu, tunamalizia. Yapo matone yana steroidi ndani yake, dawa ya kutuliza uvimbe. Kama jicho lina mkwaruzo, steroidi inazuia usipone, na kidonda kinachimba mpaka jicho linatoboka. Daktari huweka rangi ya machungwa kwanza, kidonda kikang'aa kijani anajua asiweke nini. Wewe ile rangi huna. Osha tongotongo kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, uishie hapo.

Kwa wenzetu wa pembezoni, kuelekea Chanika na Kibamba kwenye vichaka: swila akimtemea mbwa machoni, ni maji. Maji mengi, dakika 15 na kuendelea, kisha daktari. Msianze kutafuta dawa za kienyeji.

Ya kukimbilia bila kusubiri Jumatatu: jicho analolibana na kulikuna, jicho lililogeuka bluu au jeupe ghafla, damu ndani, jicho lililotoka nje ya tundu lake, na usaha wa macho pamoja na kikohozi na homa. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, na chanjo yake ipo. Leo hapa tunachoma ya kichaa tu, msichanganye.

Je, ukishajua haoni? Usimpeleke usiku ukamwache barabara ya Kilwa. Najua inafanyika. Yule wa Goba nilimpeleka kwa wakubwa zangu Morogoro, chuo cha Sokoine, wakamtazama retina, wakasema hakuna la kufanya. Mama akarudi naye nyumbani. Kokoto wakazisogeza ukutani na hawajahamisha kitu tangu hapo. Kila anayemkaribia anaongea kwanza. Anabweka kabla geti halijaguswa. Mlinzi wa pale aliniambia hajawahi kuwa na mwenzake wa zamu mwenye masikio kama yale.

Nimeongea sana, jua limepanda. Kabla foleni haijaanza tufanye kimoja kwa vitendo. Wewe kijana wa fulana ya njano, mtoto wako ana umri gani? Miezi mitatu. Anaitwa nani? Bosko. Njoo na Bosko, kaa hapa kwenye benchi, mshike hivyo hivyo. Binti yangu, nipe pamba. Naomba kimya kidogo, na wewe mwenye pikipiki zima kwanza.

Nafunika la kushoto. Nadondosha. Mmeona kichwa? Ameifuata mpaka chini, na sasa anataka kuila. Safi. Nafunika la kulia. Nadondosha.

Tena.

Tena, kwa upande huu.

Sawa. Msinong'one jamani, mtamtisha. Amechangamka mno, ana watu wengi na mbwa wenzake, tutampima upya pale ofisini penye utulivu. Kijana, umekuja na nani? Mama yupo? Haya, ukimaliza hapa usiondoke. Mwite mama, tukutane ndani.